Milimita 12, 15, 20 au 25: unene gani wa akriliki unafaa tangi lako kubwa la samaki?

Umeshachora tangi lako: urefu sentimita 180 kutoka ubavu hadi ubavu, upana sentimita 60 kutoka mbele hadi nyuma. Kimo bado hujaamua, na muuzaji wa akriliki, ile plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, anasubiri umtajie unene. Bei ya milimita 12 unaimudu, ya milimita 20 inakufanya ujiulize kama kweli kuna haja. Ukiwauliza watu watatu waliokwisha kujenga, utapata majibu matatu, na kila mmoja tangi lake limesimama na halivuji.

Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja alijenga tangi la namna yake. Kinachokosekana katika majibu yao ni vipimo viwili vitatu ambavyo vikiwekwa mezani, unene karibu unajitaja wenyewe. Nitaanza na hivyo, kisha tupitie kila unene kwa zamu.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza ni kimo cha maji, na linayashinda mengine yote. Maji husukuma ukuta kulingana na kina chake, basi. Tangi lenye upana wa sentimita 40 na lenye upana wa mita 2, kimo kikiwa kimoja, yanasukuma bamba la mbele kwa nguvu ileile kabisa. Ndiyo maana swali la "tangi langu ni la lita 800, ninunue unene gani?" halijibiki mpaka useme kimo. Chukua bamba la mbele lenye urefu wa sentimita 180. Maji yakifika kimo cha sentimita 60, yanalisukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 324 hivi. Yakifika 75, ni kilo 506. Yakifika 90, ni kilo 729. Kimo umekiongeza kwa nusu tu, na msukumo umekuwa mara mbili na robo.

Hesabu haiishii hapo, maana bamba lenyewe nalo limerefuka kwenda juu, na kitu kirefu hupindika kwa urahisi. Ukiyaunganisha hayo mawili, mkazo ndani ya akriliki hukua kama kimo kwa kimo kwa kimo. Kutuna kwa bamba kuelekea nje, yaani lile tumbo ambalo kila mjenzi analiogopa, hukua kwa kasi zaidi: ni kimo kikizidishwa chenyewe mara tano. Kutoka sentimita 60 hadi 75, mkazo unakaribia kuwa mara mbili, na tumbo linakuwa mara tatu.

Urefu wa tangi nao unahesabika, lakini hadi ufike kama mara tatu ya kimo. Kupita hapo, sehemu ya katikati ya bamba haipati tena msaada wowote kutoka kwenye pembe, kwa hiyo tangi la mita 2 na la mita 4 yanaweza kupewa unene mmoja, mradi sehemu ya juu imefungwa vizuri. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa asilimia 2.5 hivi. Tofauti hiyo iache.

La pili ni kutenganisha swali la kupasuka na swali la tumbo. Akriliki ikivutwa kwenye mashine ya majaribio hukatika kwenye mkazo wa megapaskali 70 hivi (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo). Lakini jaribio lile huchukua dakika chache, na tangi lako linasukumwa usiku na mchana kwa miaka. Plastiki inayokaa chini ya mkazo usiokoma hulegea polepole, na uso wake huanza kutoa nyufa nyembamba kama nywele, ambazo mara nyingi huzioni mpaka taa iangaze kwa pembeni. Kanuni ninayoifuata mimi ni kubaki kwenye moja ya kumi ya nguvu yake: megapaskali 7 kwa juu kabisa, na ikiwezekana chini ya 5.

Hapo ndipo unene unapofanya kazi, na unafanya kwa namna mbili tofauti. Mkazo hupungua kwa unene mara unene. Tumbo hupungua kwa unene mara unene mara unene. Ukitoka milimita 12 kwenda 15, plastiki umeiongeza kwa robo tu, lakini tumbo limepungua karibu kwa nusu. Kwa hiyo tangi linaweza kuwa salama kabisa lisipasuke na bado likawa na tumbo linalokukera kila ukikaa mbele yake, kwa sababu bamba lililopinda hugeuka lenzi na samaki hubadilika umbo wakipita.

La tatu ni mkanda wa juu. Akriliki ni laini kuliko kioo: kwa unene uleule, kioo ni kikakamavu zaidi ya mara 20. Ndiyo maana tangi la akriliki hujengwa kama kasha lenye kifuniko, ambapo juu kunabandikwa bamba zima lililotobolewa matundu makubwa ya kupitishia mikono na taa. Mkanda unaobaki pembezoni, wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, ndio unaozuia kuta zisifunguke. Kwenye tangi la kimo cha sentimita 60, kila mita ya mkanda huo hubeba msukumo wa kilo 35 hadi 60 kwenda nje. Ukate kutoka bamba moja zima, usiunge vipande vinne, na pembe za ndani za matundu ziwe za mviringo, kwani pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Tangi likizidi mita 1, acha pia mikanda ya kukatiza kati ya tundu na tundu. Yote nitakayosema chini kuhusu unene yanachukulia kwamba mkanda huo upo. Usipokuwepo, ukingo wa juu unaachwa huru, na katikati ya tangi refu tumbo linaweza kuwa mara 10 na zaidi.

La nne ni shiti lenyewe, yaani bamba zima la akriliki kabla halijakatwa. Akriliki ya kumiminwa, ile inayotengenezwa kwa kumwagwa kati ya vioo viwili ikagandia humo, ina mkazo mdogo wa ndani na hushikana vizuri na gundi ya kuyeyusha, yaani kiyeyusho kinacholainisha nyuso mbili hadi zishikane. Ile ya kusukumwa kwenye mashine ni rahisi kwa bei na unene wake ni sawasawa, ila huchukia kiyeyusho. Niliwahi kudondosha matone mawili ya kiyeyusho kwenye ukingo wa kipande cha aina hiyo kilichotoka kwenye msumeno. Kabla sijamaliza kufuta, nyufa ndogondogo zilikuwa zimeshasambaa kama mizizi. Kwa tangi kubwa sishauri kitu kingine zaidi ya ile ya kumiminwa.

Lakini ya kumiminwa ina lake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7823-1 kinaruhusu unene wake utofautiane kwa asilimia 10 pamoja na milimita 0.4 juu au chini. Shiti lililoandikwa milimita 12 linaweza kuwa na 10.4 na likahesabiwa zuri. Ukakamavu wake utakuwa kama theluthi mbili tu ya ule uliopigia hesabu. Nenda na kipimo chako, pima pembe zote nne na katikati ya kila upande, na uhesabu kwa namba ndogo uliyoipata.

La tano ni mikono yako: utakata kwa nini, utaunganisha vipi, na nani atakusaidia kubeba.

Jedwali hili ni hesabu ya mkazo mkubwa zaidi, kwa megapaskali, kwenye bamba refu la mbele lenye mkanda wa juu. Ni makadirio ya kulinganishia. Tangi la kujengwa ndani ya ukuta au juu ya vichwa vya watu linahitaji mhandisi.

| Kimo cha maji | mm 12 | mm 15 | mm 20 | mm 25 |
|---|---|---|---|---|
| sm 60 | 5.9 | 3.8 | 2.1 | 1.4 |
| sm 75 | 11.5 | 7.4 | 4.1 | 2.7 |
| sm 90 | 19.9 | 12.7 | 7.2 | 4.6 |

Milimita 12

*Nguvu na tumbo.* Kwa kimo cha sentimita 60 uko ndani ya mstari wa moja ya kumi, ingawa umeusogelea. Tumbo litakuwa kati ya milimita 4 na 10 kulingana na jinsi kingo zilivyoshikwa. Kiungo cha chini kilichoshikana barabara hukupeleka kwenye ile 4, kilicholegea hukupeleka kwenye 10. Kwa kimo cha sentimita 50, tumbo hilo linapungua zaidi ya nusu na huna la kuogopa. Kwa 75, jedwali limeshasema: usithubutu.

*Kazi.* Huu ndio unene unaomheshimu mjenzi wa nyumbani. Msumeno wa meza wenye meno mengi, wa kukatia akriliki, unaupitisha bila kuuyeyusha, ruta ndogo (mashine ya mkono ya kuchonga kingo) inasawazisha ukingo kwa pita moja au mbili. Bamba la mbele la sentimita 180 kwa 60 lina uzito wa kilo 15 na nusu, kwa hiyo mtu mmoja analigeuza peke yake.

Kuunganisha nako kunaeleweka. Unasimamisha bamba juu ya vijiwaya vyembamba vilivyolazwa kwenye mstari wa kiungo, unapitisha sindano pembezoni, na kiyeyusho kinakimbia chini yake chenyewe kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Mahali palipolowa panageuka angavu, mahali ambapo hewa imebaki panang'aa kama fedha. Unasubiri nusu dakika hadi dakika moja uso ulainike, unachomoa vijiwaya kimoja kimoja, na bamba linakaa kwa uzito wake. Kwenye milimita 12 unaliona jambo zima likitokea, na kosa unaliona mapema. (Viyeyusho hivi vingi vina dikloromethani, na mvuke wake ni wa hatari. Fanyia kazi nje au penye hewa ya kupita, si kwenye chumba kilichofungwa.)

*Gharama.* Ya chini kuliko zote nne, na vipande vya kuanzia mazoezi hupatikana kirahisi.

*Unamfaa* anayejenga tangi lake kubwa la kwanza, refu na la kina cha wastani, hadi sentimita 60 na mkanda wa juu usiokwepwa. Pia anayehamahama, kwa sababu tangi zima likiwa tupu watu wawili wanaliinua.

Milimita 15

*Nguvu na tumbo.* Unene huu unasahaulika, na sijui kwa nini. Kwa kimo cha sentimita 60 unashusha tumbo hadi milimita 2 hadi 5, kiasi ambacho jicho halilioni mpaka uweke rula. Kwa sentimita 65 bado uko vizuri. Kwa 75 unakuwa umevuka kidogo mstari wa megapaskali 7, na hapo naweza kuzungumza kwa niliyoyaona.

Tangi langu la pili lilikuwa la kimo cha 75 kwa milimita 15. Nilivuta uzi kutoka pembe hadi pembe siku ya kulijaza, nikapima tumbo: milimita 7. Nikaridhika. Baada ya miezi sita niliurudisha uzi uleule, nikakuta milimita 10. Hakuna kilichovuja, hakuna kilichopasuka, ila bamba lilikuwa bado linatembea. Nilishusha maji sentimita 8 na kuongeza mkanda mmoja wa kukatiza katikati, na tangu hapo halijasogea tena. Tangi lipo hadi leo. Lakini ile sehemu ya juu ya bamba, sentimita 8 zilizobaki kavu, ni plastiki niliyoilipia bure.

*Kazi.* Haina tofauti kubwa na milimita 12. Ruta itahitaji pita zaidi na kisu chenye makali, na bamba la mbele litafika kilo 19. Kiungo kipana zaidi kidogo kinasaidia: kuna uso mwingi wa kushikana, na bado kiyeyusho kinawahi kufika ndani kabla hakijakauka nje.

*Gharama.* Plastiki ni robo zaidi ya milimita 12, na bei hupanda kwa kiasi hicho au zaidi. Shida yake ni upatikanaji. Wauzaji wengi huweka 10, 12 na 20, na 15 huagizwa.

*Unamfaa* mwenye kimo cha sentimita 55 hadi 65 anayetaka mbele pawe bapa, au anayeishi mahali penye joto. Akriliki hupoteza ukakamavu kadiri joto linavyopanda, na tangi la samaki wa maji ya joto lenye taa kali juu yake halipoi kamwe.

Milimita 20

*Nguvu na tumbo.* Kwa sentimita 75 hapa ndipo nyumbani: megapaskali 4.1, na tumbo la milimita 3 hadi 7. Kwa sentimita 60 tumbo linabaki milimita 1 hadi 2, yaani bamba limenyooka machoni pa mtu yeyote. Kwa sentimita 90 umerudi kwenye mstari na kuuvuka kidogo, karibu palepale alipo mwenye milimita 15 akiwa na 75. Inawezekana, ila usiniambie unalala usingizi mzito.

*Kazi.* Kuanzia hapa ufundi unabadilika. Msumeno usio na nguvu hukaa sana mahali pamoja, plastiki inayeyuka na kujishika nyuma ya meno, na ukingo unatoka na mawimbi. Mawimbi hayo hayaonekani kwa jicho lakini kiyeyusho kinayaona. Kiungo cha milimita 20 kinataka ukingo ulionyooka kweli kweli kwa mita 1.8 nzima, kwa sababu pale palipobonyea hata kidogo, hewa inabaki na haitoki. Simamisha bamba kwenye meza bapa, weka taa nyuma ya kiungo kikiwa kikavu, tazama mstari wa mwanga. Ukiona mwanga unapita, rudi kwenye ruta. Usijaribu kuuziba kwa kiyeyusho kingi, na usisugue kwa msasa wa mkono, maana msasa wa mkono hufanya kingo ziwe za duara. Wala usipitishe moto kwenye ukingo utakaounganishwa. Moto hung'arisha ukingo na kuacha mkazo ndani yake, kisha kiyeyusho kinauamsha.

Wajenzi wengi wakifika unene huu huacha kiyeyusho chepesi na kutumia gundi nzito ya kuchanganya sehemu mbili, kama Weld-On 40, ambayo hujaza pengo dogo na kuwa plastiki yenyewe. Inakupa nafasi ya kukosea kidogo. Malipo yake ni kwamba inabidi upime uwiano kwa makini, utoe viputo, na ufanye kazi huku ukitazama saa, kwani ikishaanza kuganda haikusubiri.

Bamba la sentimita 180 kwa 75 lina kilo 32. Tafuta mtu wa pili, na mkubaliane kabla nani anasema "weka".

*Gharama.* Plastiki ni mara 1.67 ya milimita 12. Ongeza pengine visu vipya vya ruta na gundi ya ghali zaidi. Kuna faida moja isiyotajwa: akriliki hukwaruzika kwa unene wowote ule, lakini kwenye milimita 20 una nyama ya kutosha kusugua mkwaruzo mzito na kung'arisha upya bila kulidhoofisha bamba.

*Unamfaa* anayetaka kimo cha 70 hadi 75, au anayetaka kimo cha 60 chenye mkanda mwembamba na matundu makubwa ya juu. Na awe ameshajenga angalau tangi moja dogo.

Milimita 25 na kuendelea

*Nguvu na tumbo.* Ni unene wa sentimita 90: megapaskali 4.6, tumbo la milimita 3 hadi 8. Kwa tangi lisilo na mkanda wa juu lenye kimo cha 60, hapa ndipo mazungumzo yanapoanzia, na bado ukingo wa juu wa tangi refu utatoka nje kwa milimita 5 au zaidi.

*Kazi.* Bamba la sentimita 180 kwa 90 ni kilo 48. Hulisogezi kwa vidole likishakaa kwenye kiungo, na uzito huo ambao ungesaidia kubana ndio unaokunyima kurekebisha. Karakana zinazofanya vipande vya namna hii huvioka kwanza kwenye oveni ya joto la nyuzi 80 hivi, kisha hupoza polepole, ili mkazo wa kukatwa utoke kabla gundi haijagusa. Kama huna njia ya kufanya hivyo, kata kwa kisu kikali sana na usikaze mwendo.

Wapo wanaosema tu, ongeza unene, ukiwa mnene uko salama. Sikubaliani nao, na hili ndilo ninalotaka mtu alishike. Bamba la milimita 25 lenye kiungo chenye viputo ni hatari kuliko la milimita 15 lenye kiungo kisafi, kwa sababu tangi hufungukia kwenye kiungo, na unene wa bamba hauongezi chochote pale ambapo plastiki haijashikana. Ndiyo maana hata makumbusho makubwa ya samaki hayajengi kwa mkono wa mtu mmoja. Dirisha la tangi kubwa la makumbusho ya samaki ya Churaumi kule Okinawa, Japani, lenye upana wa mita 22.5 na kimo cha mita 8.2, lina unene wa sentimita 60 uliopatikana kwa kugandisha tabaka juu ya tabaka kiwandani. Na usiku wa kuamkia tarehe 16 Desemba 2022, AquaDom ya Berlin, tangi la akriliki lenye lita milioni 1 za maji, lilipasuka lote kwa mkupuo alfajiri. Unene haukukosekana pale.

*Gharama.* Zaidi ya mara mbili ya milimita 12, na mara nyingi usafirishaji nao unahesabika.

*Unamfaa* mwenye kimo cha sentimita 85 hadi 90, mwenye karakana au anayelipa karakana imkatie na kumuunganishia, na mwenye sakafu iliyothibitishwa.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kimo bado hujakiamua. Basi anzia hapo, kwa sababu hakuna akiba nyingine inayokaribia hii. Kutoka sentimita 75 hadi 65, tumbo linapungua karibu nusu na mkazo kwa theluthi nzima, bila kununua hata milimita moja. Samaki wengi wanahitaji urefu wa kuogelea kuliko kina, na mkono wako utafika chini bila kulowesha kwapa. Kimo cha 60 hadi 65 kwa milimita 15 ndicho ningekijenga leo kama ningeanza upya.

Unajenga kwa mara ya kwanza na una msumeno wa meza na ruta ya kawaida. Chagua milimita 12, kimo kisizidi 60, mkanda mpana juu. Jenga kwanza kasha dogo la sentimita 30 kwa mabaki ya shiti hilohilo, lijaze, liache wiki.

Unataka mandhari ya kina, sentimita 75. Chukua milimita 20. Kama 20 haipatikani na 15 ipo, usijidanganye kwa mikanda. Punguza kimo.

Unataka juu pawe wazi, bila mkanda. Kwa tangi refu la kimo cha 60, milimita 25 ni mwanzo tu na 30 ni jibu la utulivu. Hapa ningekaa chini nikafikirie tena kioo, ambacho ukakamavu wake unafanya kazi hiyo kwa unene mdogo zaidi, ingawa uzito wake ni zaidi ya mara mbili.

Sakafu yako huiamini. Unene wa akriliki hauongezi sana hapo, maji ndiyo mzigo. Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 lina karibu kilo 650 za maji peke yake. Chini ya tangi la akriliki weka ubao mzima bapa na tabaka la povu gumu, kwa kuwa kitako kinataka kuegemezwa pote, si pembezoni tu. Pima kwa pimamaji kabla ya kujaza, na upime tena maji yakiwa nusu.

Shiti umeshalinunua, na ukipima unakuta 12 yako ni 10.6. Muuzaji hana kosa, liko ndani ya kiwango. Usilirudishe, ila usilijaze hadi 60. Toboa njia ya kufurikia kwenye kimo cha sentimita 52, ili hata pampu ikisahaulika usiku kucha, maji yasipite hapo.